Kanisa la Mawe ni la Nani?

Katekista wa kijijini hupata maswali mengi kwa wakatekumeni wake, wala si yote yaliyoandikwa katika katekisimu. Moja huulizwa hasa na vijana waliokwisha kushuka mjini Bukavu, wakaingia kanisa kuu la Bikira Maria wa Amani, huko Ibanda. Wakiisha kustaajabia ukubwa wake, hurudi mlimani wakauliza: Nyumba ile ilijengwa na nani, na kwa desturi ya nani? Wakiambiwa kwamba ni ya zamani za utawala wa Wabelgiji, huuliza tena: Basi, yawezaje kuwa nyumba yetu?

Wako makatekista wanaolikemea swali hili. Wengine hulijibu upesi na kusema kwamba jiwe ni jiwe tu, tena Mungu hutazama moyo, hatazami ukuta. Jibu hilo ni kweli nusu. Ikiwa jiwe ni jiwe tu, mbona wenye nguvu wa kila zama hufanya haraka kulirundika juu ya kilima kirefu kuliko vyote, mahali ambapo kila mtu ataliona? Na kijana anayeuliza hakuzua uchungu wake. Mji huo uliitwa Costermansville, kwa jina la mtawala mgeni, hata mwanzo wa miaka ya 1950. Kamati ya Taifa ya Kivu, iliyoundwa mwaka wa 1928, ilipewa mamlaka juu ya ardhi kubwa, na walowezi wakagawiwa mashamba ya kahawa, chai na kwinini. Mwaka wa 1936 Mwami Rugemaninzi wa Kabare aliondolewa katika enzi yake akapelekwa uhamishoni Léopoldville, asirudi mpaka utawala wa Wabelgiji ulipokaribia kwisha. Wazee walioyaona hayo waliwasimulia wana wao, na wana wakawasimulia wajukuu. Mtu aliyelelewa kwa masimulizi hayo, akisimama mbele ya kanisa kubwa la wakati ule, ana haki ya kuuliza.

Ili swali lipate jibu la haki, yafaa kutazama watu wengine waliopatwa na jambo hilohilo zamani sana. Wala hao hawakuwa watu weusi walioshindwa na weupe. Walikuwa weupe walioshindwa na weupe wenzao, Wakristo walioshindwa na Wakristo. Nchi yenyewe ni Uingereza, na ushuhuda wake ni tao la mviringo.

Tao hilo hujengwa hivi. Seremala hutangulia kuunda kiunzi cha mbao chenye umbo la nusu duara. Juu yake mwashi hupanga mawe yaliyochongwa, kila moja pana juu na jembamba chini, akianza pande zote mbili na kupanda mpaka mawe yakaribie kukutana. Jiwe la mwisho, lile la kileleni, likiisha kutiwa, kiunzi huondolewa, na hapo mwashi huzuia pumzi. Kila jiwe lataka kuanguka, lakini haliwezi, kwa sababu jiwe lililo jirani nalo lataka kuanguka, na hayo mawili huzuiana. Lakini uzito haupotei. Husukuma kuta nje. Kwa hiyo mafundi wa kale walizifanya kuta kuwa nene sana, na madirisha kuwa madogo, hata ndani ya makanisa yao huwa giza mchana.

Watu wa Bushi hawakuhitaji fundi wa ng'ambo awaambie kwamba umbo la mviringo hubeba. Nyumba ya msonge ya wazee, iliyosukwa kwa fito na matete yaliyokunjwa hata kukutana kileleni, ikaezekwa nyasi toka juu mpaka chini, ni ndugu wa tao. Tofauti ni kwamba msonge hujikunja upepo ukivuma, na tao la mawe halijikunji kamwe.

Tena tao hilo si la Wakristo kwa asili. Warumi wapagani walilitumia kwa madaraja, kwa mifereji ya maji, na kwa viwanja vya michezo ambamo watu waliuawa mbele ya watazamaji. Hata neno basilika, ambalo Wakristo wa leo hulisikia kama jina takatifu, lilikuwa jina la ukumbi wa mji, mahali pa biashara na pa hukumu. Kaisari Konstantino alipowapa Wakristo uhuru wa ibada mwaka wa 313, wao walilichukua umbo la ukumbi ule wakalifanya nyumba ya sala. Pale alipoketi hakimu wa serikali, wakaweka kiti cha askofu. Serikali iliyomsulubisha Bwana Yesu ikawa imetoa, bila kukusudia, mfano wa nyumba yake.

Hata hivyo jambo haliishii hapo. Wakristo wale wa Roma walilichagua umbo hilo wenyewe. Swali la kijana wa Ibanda ni gumu zaidi, maana wazee wake hawakuchagua, walijengewa.

Waingereza nao walijengewa. Mwaka wa 1066 William, mtawala wa Normandie katika Ufaransa, alivuka bahari na jeshi lake. Mfalme Harold wa Waingereza akauawa vitani karibu na Hastings, na Wanormani wakaitwaa nchi. Katika miaka ya 1069 na 1070 majeshi ya William yaliteketeza vijiji vya kaskazini pamoja na chakula ghalani, na watu wengi sana wakafa kwa njaa. Mashamba wakapewa mabwana wapya. Maaskofu na maabati Waingereza waliondolewa mmoja baada ya mwingine, na wageni wakawekwa mahali pao. Lugha ya wenyeji ikawa lugha ya jikoni na ya zizini, na Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa. Msomaji wa Kivu hatapata shida kuelewa.

Sasa Waingereza hao walikuwa wamekwisha kuwa Wakristo karne nyingi kabla ya hapo. Walikuwa na makanisa yao na makaburi ya watakatifu wao. Wanormani wakayatazama makanisa hayo wakayaona kuwa madogo, ya kizamani, hayafai. Wakaanza kuyabomoa. Kwa muda wa miaka hamsini hivi, karibu makanisa makuu yote ya nchi ile yalikuwa yameanza kujengwa upya, kwa kuta nene, nguzo nzito na matao ya mviringo. Ibada ilikuwa ileile na Mungu ni yuleyule. Lakini nyumba ilitangaza pia nani amekuwa bwana.

Kati ya maaskofu wa kale mmoja alisalia. Jina lake Wulfstan, askofu wa Worcester tangu mwaka wa 1062, mtu wa sala na wa maisha magumu, ambaye hata Wanormani walimheshimu. Mwaka wa 1084 yeye naye alianza kujenga kanisa jipya kwa namna ya wakati ule, kwa kuwa wamonaki wake walizidi kuongezeka. Likiisha kuwa tayari, ikaja siku ya kubomoa lile la zamani, lililojengwa na mtakatifu Oswald, aliyekuwa askofu wa Worcester kabla yake. Wafanyakazi walipoanza kutoa paa, Wulfstan alisimama uwanjani akilia machozi. Watu wakastaajabu, maana kanisa jipya lilikuwa kubwa na zuri, na ni yeye aliyelijenga. Mmonaki William wa Malmesbury, ambaye mwenyewe alikuwa na damu ya pande zote mbili, ya Kinormani na ya Kiingereza, ameandika jinsi askofu alivyowajibu. Aliwaambia kwamba wao wanabomoa kazi ya watakatifu ili wapate sifa kwa watu. Kwamba wale wa kale hawakujua kujenga majumba ya fahari, ila walijua kujitoa wenyewe kwa Mungu chini ya paa lolote. Na kwamba watu wa siku zake wanasumbuka kurundika mawe huku wakisahau roho.

Machozi hayo yafaa kutafakariwa kuliko kuta zenyewe. Wulfstan hakukataa kujenga. Hakusema mawe ya mshindi ni najisi; aliyatumia, na kanisa dogo la chini ya ardhi alilolijenga liko Worcester mpaka leo, na nguzo zake nyembamba zingali zikibeba. Lakini pia hakukubali kudanganywa kwamba hakuna kilichopotea. Alijenga akilia. Mtu aweza kuishi katika nyumba mpya na bado akasema wazi ni nini kilichobomolewa ili ipate kusimama. Wanaomtaka kijana anyamaze kwa kuwa nyumba ni nzuri, na wanaomtaka aikatae kwa kuwa ina historia mbaya, wote wawili wanataka kumwondolea nusu ya ukweli.

Huko kaskazini, mahali palipochomwa moto, Wanormani walianza mwaka wa 1093 kujenga kanisa kuu la Durham. Liko juu ya mwamba, mto umelizunguka, na kando yake pana ngome ya askofu. Nguzo zake kubwa za mviringo zina kimo cha mita 6.6, na mzunguko wake pia ni mita 6.6; yaani mtu akizifunga kamba, urefu wa kamba hulingana na urefu wa nguzo. Juu yake wachongaji wamekata mistari ya kupinda-pinda, kama ile inayochorwa juu ya vyungu na vikapu. Asimamaye chini yake hana shaka nani alikuwa na nguvu katika nchi ile.

Lakini nyuma ya altare ya Durham yumo mtu asiyekuwa Mnormani. Ni mtakatifu Cuthbert, mmonaki na askofu wa watu wa kaskazini, aliyefariki mwaka wa 687. Wakulima maskini wa nchi ile walikuwa wamemwomba awaombee kwa miaka mia nne, kabla Mnormani yeyote hajaiona bahari yao. Mwaka wa 1104 mwili wake uliingizwa katika kanisa jipya kwa shangwe kuu. Huenda washindi walifanya hivyo kwa hila pia, ili kuwatuliza watu. Hila za wenye enzi haziishi. Lakini matokeo yaliwazidi. Mkulima aliyekuwa amechomewa kijiji akawa na sababu ya kuingia katika nyumba ile: hakuja kumsalimu askofu mgeni, alikuja kumwona mzee wake. Na kwa kila aliyeingia hivyo, ngome ile ilipungua kuwa ya mshindi.

Miaka mia saba ikapita. Wakati wa Malkia Victoria, aliyetawala tangu 1837 mpaka 1901, Waingereza walijenga makanisa ya parokia kwa maelfu, maana watu waliongezeka mno. Wengi walipenda tao lenye ncha, wakisema ndilo la Kikristo kweli. Wengine walirudia tao la mviringo la kale, wakaliita la Kinormani, na wakalipenda kama kitu cha babu zao. Katika kijiji cha Wreay, karibu na mji wa Carlisle, bibi mmoja aitwaye Sara Losh alijenga kanisa la namna hiyo, lililowekwa wakfu mwaka wa 1842, kwa kumkumbuka dada yake aliyefariki. Alilichora mwenyewe. Wafanyakazi wake walikuwa watu wa palepale, na birika la ubatizo alilichonga kwa mkono wake akisaidiana na binamu yake. Badala ya simba na wafalme, kanisa lile limejaa vipepeo, maua ya yungiyungi na matunda ya msonobari. Hakuna aliyesimama mlangoni akasema kwamba tao hilo ni la waliochoma vijiji. Lilikuwa limekwisha kuwa lao, nao wakalitumia kusema ya moyoni mwao.

Hapo mtu mwenye akili atapinga. Atasema: Mazoea si haki. Ndege aliyezaliwa tunduni huimba, lakini tundu si kiota. Na je, wakatekumeni wa Kivu wangoje miaka mia saba mpaka uchungu usahaulike? Pingamizi hili ni zito, wala halijibiwi kwa kuhesabu miaka. Ikiwa nyumba huwa ya mtu kwa sababu tu amesahau ilivyojengwa, basi wasahaulifu ndio wenye mali, na kila mnyang'anyi angoje tu.

Wulfstan anasaidia tena. Katika siku zake, mji wa bandari wa Bristol ulifanya biashara ya watumwa. Wafanyabiashara waliwanunua vijana Waingereza, wake kwa waume, wakawafunga kamba na kuwauza Ireland. Mfalme alipata kodi katika biashara hiyo. Wulfstan alikwenda Bristol mara kwa mara, akakaa huko miezi miwili au mitatu kila safari, na kila Jumapili akawahubiri wenyeji mpaka walipoiacha biashara ile. Ni askofu yuleyule aliyejenga kwa mawe ya washindi. Hapo ndipo tofauti ya tundu na nyumba ilipo. Tunduni ndege huimba anachotakiwa. Nyumba ni ya watu pale ambapo maumivu yao yaweza kusemwa kwa sauti ndani yake, hata mwenye nguvu akichukia.

Jambo la Bristol lakumbusha la Unguja. Huko, katika mji wa Zanzibar, soko la watumwa lilifungwa mwezi wa Juni mwaka wa 1873 kwa amri ya Sultani Barghash, aliyeshurutishwa na Waingereza. Siku ya Noeli ya mwaka uleule Waanglikana waliweka jiwe la msingi la kanisa lao mahali palepale pa soko. Askofu wao Edward Steere, yule mtaalamu wa Kiswahili, alisimamia ujenzi kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kwa mkono wa mafundi wa pwani. Husimuliwa kwamba altare imewekwa pale ulipokuwa mti wa kuwafungia watumwa na kuwapiga mijeledi. Husimuliwa pia kwamba wakati mmoja askofu alipokuwa hayupo, mafundi walisimika nguzo kadhaa kichwa chini. Naye aliporudi aliziacha hivyo hivyo. Nguzo hizo ziko mpaka leo, na wageni huzicheka kidogo. Lakini huenda ndizo nguzo za haki kuliko zote mle ndani, maana zinamwambia kila aingiaye kwamba mikono iliyojenga haikuwa ya Mwingereza.

Si kwamba kila jiwe la Unguja lilikuwa safi. Waingereza waliofunga soko waliitwaa nchi yenyewe chini ya ulinzi wao mwaka wa 1890. Wema na tamaa mara nyingi husafiri katika merikebu moja.

Wakatoliki nao walijenga huko Unguja, katika miaka ya 1890, kanisa la Mtakatifu Yosefu lenye minara miwili na matao ya mviringo. Na katika Uganda, juu ya kilima cha Rubaga, mahali ambapo Kabaka Mutesa alikuwa na ikulu, Mapadre Weupe walijenga kanisa kuu la namna hiyo tangu 1914 mpaka 1925. Walioliona likipanda waliweza kudhani kwamba kiti cha askofu ndani yake kitakuwa cha wageni daima. Lakini tarehe 29 Oktoba 1939 Papa Pius XII alimpa uaskofu Joseph Kiwanuka, Mganda, huko Roma, na baadaye Kiwanuka alikalia kiti cha Rubaga akiwa askofu mkuu. Alifariki mwaka wa 1966 na amezikwa katika kanisa lile.

Sasa swali lirudi Ibanda, kwa sababu huko tarehe 29 Oktoba ina maana yake.

Mwaka wa 1994 wakimbizi wengi mno walivuka mpaka toka Rwanda wakaingia Kivu. Mchungaji wa Bukavu alikuwa Christophe Munzihirwa, Myezuiti, mzaliwa wa Bushi. Aliwatetea wakimbizi waliochukiwa, akawatetea raia walionyang'anywa na askari wa nchi yao wenyewe, na vita ilipokaribia aliwaonya wakubwa wa pande zote. Maneno yake hayakupendwa na yeyote aliyeshika bunduki. Tarehe 29 Oktoba 1996, mji ulipotekwa, askari walimwua barabarani pale Nyawera, katika Ibanda hiyohiyo. Mwili wake ulilala nje mpaka kesho yake. Ukaja kuzikwa kwenye kanisa kuu.

Aliyemfuata, Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko, aliandika barua ya Noeli ya mwaka wa 1999 akiwaambia waamini wasikubali kuonewa na mamlaka iliyoshika nchi kwa silaha. Mwezi wa Februari 2000 alikamatwa akapelekwa uhamishoni Butembo. Alirudi Septemba, na tarehe 4 Oktoba mwaka uleule akafariki huko Roma. Mwili wake uliletwa Bukavu.

Wabelgiji waliochora ramani ya nyumba ile hawakuyaona hayo, wala hawakuweza kuyawaza. Walipanga mahali pa altare, pa kwaya, pa mabenchi. Hawakupanga mahali pa kaburi la mwana wa Bushi aliyeuawa kwa kusema ukweli. Lakini makaburi hayo yalifanya penye kanisa kuu la Bukavu kile ambacho mwili wa Cuthbert ulikifanya Durham, na hapa hakukuwa na haja ya kungoja miaka mia saba. Mama wa kijijini apandaye toka sokoni na kikapu chake, akapita kwanza kaburini kabla ya kuingia ndani, haendi kuwasalimu Wabelgiji.

Tangu mwaka wa 1988, tena, Kanisa la Roma lilipokubali Misale kwa majimbo ya Zaire, yaani Kongo ya leo, wahenga wenye moyo mnyofu hutajwa pamoja na watakatifu mwanzoni mwa Misa inayofuata utaratibu huo. Basi wazee walionyang'anywa mashamba huitwa kwa heshima chini ya paa lililojengwa zamani za utawala wa wanyang'anyi. Iwapo kuna hukumu iliyo ya upole kuliko hiyo, ni vigumu kuifikiri.

Lakini nyumba ikiwa yetu, taabu yake pia ni yetu. Jambo hili husahauliwa na wengi wanaodai urithi. Wanormani waliendesha mawe yao katika nchi isiyotetemeka sana. Bukavu iko juu ya bonde kuu ambalo ardhi yake husogea. Tarehe 3 Februari 2008, siku ya Jumapili, tetemeko lenye nguvu ya 5.9 lilipiga Bukavu na ng'ambo ya Rusizi. Huko Rwanda ukuta na paa la kanisa viliwaangukia waamini waliokuwa ndani, na baadhi yao wakafa. Tao hustahimili uzito utokao juu kwa karne nyingi, lakini likitikiswa toka ubavuni hulegea, na tofali lisilofungwa kwa nondo hulegea upesi zaidi. Msonge wa wazee haukumwua mwenyewe. Kwa hiyo kijiji kinachotaka kujenga kikanisa hakilazimiki kuiga Durham wala Bruxelles; upuuzi huo umekwisha kuonekana mahali pengi, kuta nzito zikipandishwa na mafundi wasiolipwa vema, juu ya mteremko unaoliwa na mvua. Wulfstan angelia tena, na safari hii si kwa ajili ya kanisa la zamani.

Mtu ataweza kuuliza pia kama fedha ya nondo isingefaa kuwapa maskini. Yafaa auulize, mradi yeye mwenyewe awe amekwisha kuwapa kitu. Katika Injili aliyeulizia bei ya marhamu alikuwa ndiye mwenye mfuko.

Usiku wa Jumamosi Kuu, wakatekumeni hukusanyika nje na waamini wote, moto mpya ukiwashwa uwanjani. Mlango u wazi na ndani ni giza tupu. Usiku huo hakuna aonaye kama matao ni ya Kirumi, ya Kinormani au ya Kibelgiji. Mshumaa wa Pasaka hutangulia, na wale watakaobatizwa huufuata wakishikana mikono ili wasijikwae kizingitini, nao wengine hupokezana moto, mmoja kwa mwenzake, mpaka kuta zianze kuonekana.